Ndugu madaiva (wazamiaji) wa Unguja na Pemba: klipu zetu tuzifunge kwa ugwe, tuachane na ringi za funguo na kebo tai

#1 MwambaWaKaskazini (Nungwi)

Asalaam aleikum ndugu zangu.

Mimi naongoza wageni chini ya maji huku kaskazini, Mnemba, Leven Bank na miamba ya karibu karibu, na nafundisha vijana wanaosomea udivimasta, yaani uongozi wa wazamiaji. Kuna jambo linanisumbua na leo naliweka hapa tulijadili kwa kirefu: namna tunavyofunga klipu, zile kulabu za chuma za kushikizia, kwenye vifaa.

Simama ufukweni asubuhi boti zinapopakia, utazame seti moja moja. Geji hii ya kupimia hewa inaning'inia tu, haina klipu, ikifika chini inaburura juu ya matumbawe. Ile imeshikwa kwa ringi ya funguo. Nyengine kwa kebo tai, ule mkanda wa plastiki wa kufungia waya, iliyopauka kwa jua. Nyengine klipu imeungwa chuma kwa chuma na pete ya D (yenye umbo la herufi hiyo) ya jaketi la kuzamia, kuitoa mpaka upate koleo. Na mwenye vifaa hivyo hivyo amevaa kisu kizuri mguuni. Hicho kisu kitakata nini hapo?

Msimamo wangu ni kwamba klipu yoyote inayokaa kwenye kifaa cha kuzamia ifungwe kwa ugwe. Ugwe usifunguke wenyewe msimu mzima, kaskazi na kusi, na siku ukiuhitaji ukatike kwa kisu mara moja. Fundo lisiloshika halifai, na fundo lisilokatika nalo halifai.

Utaratibu huu ulikomaa kwa wazamiaji wa mapango ya Florida, Marekani. Mpangilio wao mmoja wa vifaa unaitwa Hogarthian, kwa jina la mzamiaji William Hogarth Main. Ndani ya pango huna pa kupandia juu, kwa hiyo kitu kikinasa lazima ukitoe hapo hapo. Sisi kazi zetu za kila siku hazina mapango ya namna ile, lakini tuna nyavu zilizokatikia mwambani, mishipi, kamba za madema, na tuna mkondo. Ukinaswa kwenye mkondo wa Leven Bank huna muda wa kutafuta jino la ringi ya funguo kwa kucha.

Nianze na ugwe wenyewe. Unaotakiwa ni nailoni iliyosukwa, unene wa milimita 1.5 hadi 2. Nasema iliyosukwa kwa sababu ile ya kusokotwa ukiikata ncha zinafumuka mkononi kabla hujamaliza kazi. Poliesta iliyosukwa nayo inafaa. Usichukue zile kamba za plastiki za kijani au buluu zinazouzwa kila duka, ni ngumu, zinateleza, na fundo lake linajifungua taratibu bila wewe kujua. Kama huna uhakika dukani umeuziwa nini, kata kipande, kitie kwenye ndoo ya maji, kikamue humo humo kitoe hewa, kisha kiache. Nailoni na poliesta zinazama. Zile za plastiki zinaelea.

Sasa kufunga. Nachukua mfano wa geji ya hewa, ndiyo inayosumbua zaidi.

Kata ugwe wa urefu wa mkono, kutoka bega hadi ncha za vidole, usibanie. Choma ncha zote mbili kwa kiberiti cha gesi zisifumuke. Uloweke kwenye maji dakika kadhaa, kwa sababu nailoni ikinywa maji hurefuka kidogo. Ukiufunga mkavu, ukizama nao unalegea. Ukiufunga umelowa, ndio umeshaumaliza urefu wake.

Ukunje katikati upate kitanzi. Pitisha kitanzi kwenye jicho la klipu, lile tundu la chini linalozunguka, kisha ncha zote mbili zipite ndani ya kitanzi na uvute. Klipu sasa imekaa kwenye ugwe na mikono miwili inatoka sambamba. Ilaze klipu juu ya hozi (bomba la hewa la geji), jicho lake liwe nyuma tu ya kile kikombe cha chuma kinachobana mwisho wa hozi, upande wa hozi na siyo upande wa nati. Mahali hapa panahesabika sana. Hozi ni nyembamba kuliko kikombe, kwa hiyo ugwe ukikaa nyuma yake hauwezi kuteleza ukavuka. Ukifunga juu ya nati ile inayozunguka, geji haitageuka tena, na utakuwa unaikunja hozi kila unapoisoma.

Mkono mmoja wa ugwe upite kulia kwa hozi, mwengine kushoto, ipishane nyuma, irudi mbele, ipite kwenye jicho la klipu kila mmoja kutoka upande wake. Vuta. Rudia mpaka mizunguko mitatu, kila mmoja ulale ubavuni mwa mwenzake, usipande juu. Hapa usione haya kukaza, shika kila ncha kwa mkono wake uvute mpaka ugwe ukuachie alama vidoleni.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi hawaijui, na mimi naiona ndiyo fundo lenyewe. Ukimaliza mizunguko ya kuzunguka hozi, chukua zile ncha uzizungushe kwa njia ya kukata, yaani zipite baina ya hozi na jicho la klipu, zikiibana ile mizunguko ya mwanzo kiunoni. Mara mbili au tatu. Kila ukivuta utaona klipu inasogea inakazana na hozi, ule ulegevu wote unaliwa. Anayefunga hozi na klipu pamoja kisha akapiga mafundo kumi juu yake, klipu yake itacheza tu. Aliyebana kiunoni, hata fundo la mwisho akilipiga dogo, klipu haitikisiki. Mafundi wa zamani wanaofunga foromali kwenye mlingoti wanajua habari ya kubana kiunoni kuliko mimi.

Fundo la kumalizia: kulia juu ya kushoto, na hapo mwanzo zungusha mara mbili badala ya moja ili lisirudi nyuma unapojiandaa na la pili. Kaza. Kisha kushoto juu ya kulia. Kaza. Kisha moja tena, kulia juu ya kushoto. Lipeleke likae katikati ya hozi na klipu, lisikwaruze mkono.

Kata ncha uache kiasi cha nusu sentimita, uzichome mpaka ziwe na vichwa kama vya uyoga, na kwa ubavu wa kisu uvisukume vichwa vikae juu ya fundo. Tahadhari mbili. Usibonyeze kwa kidole, nailoni iliyoyeyuka inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Na usilete moto karibu na hozi bila kuikinga. Weka kijiko cha chuma au kitambaa kilichorowa baina ya moto na hozi, na ufanye kazi hiyo ndani, kwa sababu upepo wa kusi unaulaza moto kule usikotaka.

Ukimaliza, jaribu kupitisha kidole baina ya klipu na hozi. Kikipita, kata, anza upya. Ugwe mrefu unaoning'inia ni kitanzi chengine cha kunasa vitu.

Karibuni.

#2 TangaMoja (Kendwa)

Waalaykum salaam. Yakhe, maelezo mazuri, lakini mimi kebo tai natumia miaka na hazijaniangusha. Unaiweka, unavuta, krr, umemaliza. Seti nyingi za kukodisha, nani ana muda wa kukaa na kiberiti? Na pia kebo tai kisu kinakata, si chuma. Nieleze ubaya wake ni upi hasa.

#3 MwambaWaKaskazini

Ndugu yangu, swali la haki.

La kwanza ni jua letu. Vifaa vinaanikwa nje kila siku, na ile plastiki nyeupe jua linaikausha mpaka inakuwa kama kioo. Nyeusi zinavumilia zaidi, lakini nazo mwisho wake ni huo huo. Tatizo kubwa ni kwamba inakatika bila kutoa habari. Leo nzima, kesho imepasuka, na klipu imezama mita 20. Ugwe unakwambia mapema: unaota manyoya, unapauka, unalegea kidogo, unapata wiki nzima ya kuutengeneza.

La pili, pale unapoikata ncha ya kebo tai inabaki na kona kali. Mikono iliyokaa majini saa nzima imelainika, ile kona inachana ngozi kabisa. Angalia vidole vya vijana wanaobeba vifaa.

La tatu, kebo tai haibani kiunoni. Inashika hozi kwa pete moja nyembamba, na klipu inazunguka kila upande. Na zile pana zenye nguvu, jaribu kuikata moja nchi kavu kwa mkono wa kushoto, mkono mmoja, bila kuiangalia. Kisha kata ugwe wa milimita 2 namna hiyo hiyo. Utajua tofauti.

Kuhusu muda, hilo la seti za kukodisha nakubaliana nawe kwamba ni kazi. Lakini unaifanya wakati wa masika, wageni wamepungua na vifaa vinafanyiwa huduma hata hivyo. Kijana akishazoea mkono hachukui muda mrefu kwa geji moja.

#4 Mpemba_wa_Wete

Asalaam aleikum. Huku kwetu Pemba kuzamia kwingi ni kwa kuchukuliwa na mkondo, Njao Gap, Fundu Gap na ukuta wa Misali. Ukiingia kwenye mlango baina ya visiwa wakati maji yanajaa, kitu chochote kinachoning'inia kinasimama wima mbele ya uso wako. Kwa hiyo nakubali kwa kila neno.

Nataka kuongeza fundo moja ambalo mimi naanzia nalo kwenye hozi kabla ya kuleta klipu. Nalipenda kwa sababu linajiuma lenyewe, hulishikilii kidole wakati wa kukaza. Zungusha ugwe kwenye hozi mara moja, ule mkono unaoendesha upite juu ya ule uliotulia. Endelea nyuma ya hozi mzunguko wa pili. Ukirudi mbele pita tena juu ya mkono uliotulia, kisha chomeka ncha chini ya ule mzunguko unaopanda kwa mshazari, pamoja na chini ya mkono uliotulia wenyewe. Ukitazama utaona kuna fundo la kawaida limelala chini ya mzunguko mmoja, na ule mzunguko unalikandamiza. Vuta ncha mbili kwa pamoja, moja huku moja kule. Hapo hata ukiachia mikono halirudi.

Likishakauka usihangaike kulifungua kwa kucha, kata tu. Baada ya hapo naleta klipu, mizunguko mitatu kupitia jichoni, nabana kiunoni kama ulivyoeleza.

Swali langu: hizi hozi mpya za nyuzi za kusukwa, laini zile, ugwe hauzili?

#5 MwambaWaKaskazini

Mashallah, hilo ndilo fundo lililo bora kuliko yote kwa kubana kitu cha duara, na umelieleza vizuri. Mtu akiliweza hilo, nusu ya maelezo yangu hana haja nayo. Kwa anayeanza nasema aanze na njia yangu kwa sababu kosa likitokea linaonekana kwa macho. Hilo lako ukikosea pa kuchomeka linakuwa fundo jengine kabisa linalofanana nalo kwa sura, na linateleza. Alama ya kulitambua ni hiyo uliyotaja, mzunguko mmoja wa mshazari juu na fundo la kawaida chini yake. Kama chini ya mshazari ncha zimepita sambamba tu, hazikupishana, bado.

Hozi za kusukwa, ndiyo, ugwe mwembamba uliokazwa kwa nguvu unaweza kuikaba ngozi yake. Dawa yake ni tyubu ya baiskeli. Kata pete ya upana wa vidole viwili, ivishe hozi kwanza, au kama hutaki kuifungua geji ichane uizungushe, kisha funga juu yake. Faida ya pili ni kwamba mpira unaushika ugwe, hautelezi hata kwenye hozi mpya inayong'aa. Mimi siku hizi naiweka hata kwenye hozi za mpira wa kawaida. Mafundi baiskeli wanazitupa tu hizo tyubu, omba.

#6 Bi_Pomboo (Jambiani)

Shikamoo mwalimu, na nyote. Mimi ndio kwanza nasomea, na uzi huu nimeusoma mara mbili.

Nina jambo la oktopasi, ile regyuleta (kifaa cha kupumulia) ya akiba. Kituo kimoja nilichofanyia mazoezi, sikitaji, wao oktopasi zote walizifunga klipu kwa ugwe mnene hasa, mafundo mengi, na klipu imeng'ang'aniwa kwenye pete ya D ya kifuani. Siku ya zoezi la kuishiwa hewa, mwenzangu aliivuta oktopasi yangu na haikutoka. Akavuta tena. Mwalimu ndiye aliyeifungua klipu kwa mkono wake. Ilikuwa bwawani, alhamdulillahi. Sasa nikisoma hapa kwamba klipu ifungwe isifunguke, najiuliza, na oktopasi vilevile?

#7 MwambaWaKaskazini

Marahaba dada yangu, na ahsante sana kwa kulileta. Ingekuwa heri ningelitenga tangu mwanzo, kwa hiyo kila atakayesoma #1 na asome na hili.

Oktopasi ina sheria yake. Geji, tochi, rili ya kamba na boya ni vitu unavyovitumia wewe mwenyewe, kwa wakati wako, kwa vidole vyako. Oktopasi ni ya mtu mwengine aliyeishiwa hewa, ambaye hana subira na wala hatatafuta ulimi wa klipu. Ataivuta. Kwa hiyo kinachoishika lazima kiachie kwa kuvutwa. Ikae ndani ya ile pembetatu tunayofundishwa, baina ya kidevu na ncha za chini za mbavu, kwenye kishikizo cha mpira au silikoni kinachochomoka. Pete ya tyubu ya baiskeli uliyoipitisha kwenye pete ya D, ukaipenyeza mdomo wa oktopasi ndani yake, inafanya kazi hiyo vizuri. Ijaribu kila asubuhi: mtu mwengine aivute mara moja kwa nguvu ya kawaida, itoke. Na ukiitikisa isidondoke.

Wapo wanaozamia kwa mpangilio wa hozi ndefu, regyuleta ya mdomoni ndiyo inayotolewa kwa mwenye shida, na ile ya akiba inakaa shingoni kwa mpira. Hao wanafunga klipu kwenye hozi ndefu kwa ugwe, lakini klipu ile wakati wa kuzamia haijafungwa popote, kwa sababu regyuleta iko mdomoni. Wengine hata hapo wanapenda kutumia pete ndogo ya mpira inayokatika ikivutwa kwa nguvu, badala ya ugwe. Mimi kwa kazi ya kuongoza wageni naona hiyo ya kukatika ni salama zaidi. Mgeni akiogopa hachagui, anavuta anachokiona.

Hicho kituo kama bado una mawasiliano nao, waambie kwa upole. Huenda aliyefunga alikuwa na nia njema na hakuambiwa.

#8 Mshipi_na_Chubwi (Matemwe)

Salaam wanangu. Mimi mvuvi, na kwenye boti za wageni napeleka watu, nazama nao mara moja moja. Mafundo nimeanza kuyafunga mdogo. Nina maneno mawili.

Kwanza, msiudharau mshipi. Mshipi wa nailoni wa nambari kubwa unabeba kolekole mzima, utashindwaje na geji?

Pili, zile klipu zenye mlango wa kusukuma ndani, ambazo hata sisi tunazo kwenye kamba za nanga, mbona nyinyi mnazikataa? Rahisi, unagonga inashika.

#9 MwambaWaKaskazini

Shikamoo mzee wangu. Ni heshima kukuona hapa.

Mshipi kwa nguvu hauna shaka, tunaukataa kwa sababu ya kuteleza. Ni unywele mmoja, mgumu na laini, na fundo lake linasimama kwa aina maalumu ya mafundo mnayoyajua nyinyi, ya kuzungusha mara tano sita na kulowesha kwa mate. Fundo la kubana hozi halina nafasi ya kufanya hivyo, na ncha zake zilizokatwa zinachoma mkono kama miiba. Pia ukipata kovu dogo unakatikia hapo hapo. Ugwe wa kusukwa una nyuzi nyingi, moja ikikatika nyengine zinabaki.

Hizo klipu za mlango wa kusukuma, mzee, kwenye kamba ya nanga ni nzuri sana, na sababu uliyoitaja, kwamba unagonga inashika, ndiyo tunayoiogopea chini ya maji. Inashika chochote kinachoigonga. Mshipi uliokatika ukipita pale mlangoni, mlango unaingia ndani, mshipi umo, mlango umefunga. Sasa umefungwa kwenye mwamba na wala hukujua ni saa ngapi. Klipu yetu ina ulimi wa kuteleza unaovutwa kwa kidole gumba. Haifunguki mpaka mtu aifungue kwa kusudi.

Wanaozamia mabaki ya meli ya Pegasus hapo bandarini, ile manowari ya Waingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914, wazingatie hili zaidi. Chuma cha zamani hunasa mishipi na nyavu, na maji ya bandarini si ya kuona mbali. Mahali pale usishuke na klipu ya mlango, na kisu kikae pale ambapo mikono yote miwili inafika. Mguuni mkono mmoja tu ndio unafika vizuri, na ndio huo huo ulionaswa. Mimi nakiweka kwenye mkanda wa tumboni, na mkasi mdogo mfukoni.

#10 Mshipi_na_Chubwi

Marahaba mwanangu. Hilo la mlango nimelielewa vizuri sana. Kamba za madema zetu nazo zinakatika zinabaki chini, si nyavu tu. Mkiziona mziinue mtuletee.

#11 Bi_Pomboo

Nimejaribu jana usiku, kwenye kipande cha hozi ya zamani. Kubana kiunoni kumekubali, klipu haichezi kabisa. Lakini fundo la mwisho nimelikaza, nikavutavuta, likaanza kusogea. Halikufunguka, lakini linatembea. Zile ncha zinatoka pembeni, moja huku moja kule, yaani zimekata njia na ugwe mwengine.

#12 MwambaWaKaskazini

Dada, umejijibu kwenye sentensi ya mwisho. Ncha zikitoka kwa kukata njia, fundo limepinda: umefanya kulia juu ya kushoto, kisha kulia juu ya kushoto tena. Mkono unapenda kurudia ulichofanya. Fundo sahihi ukilitazama kabla ya kukata, kila ncha inalala sambamba na ule ugwe uliotoka nao, upande mmoja, kama vitanzi viwili vilivyoingiana. Ukiona zinasimama kama msalaba, fungua la pili ulirudie kwa upande wa pili.

Jifunze kwa kamba mbili za rangi tofauti, nyeupe na nyekundu. Sema kwa sauti: nyekundu juu, na mara ya pili nyekundu juu tena. Ncha nyekundu inabadilisha mkono lakini kila mara ndiyo inayopita juu. Vijana wangu wote wamelishika kwa njia hiyo, na hawalikosei tena hata gizani.

Na usichome ncha mpaka umelivuta sana. Moto haurekebishi fundo baya, unalificha tu.

#13 TangaMoja

Haya, nimekata kebo tai moja kwa mkono wa kushoto bila kuangalia, kama ulivyosema. Nimeshindwa, kisu kiliteleza. Ugwe umekatika mara moja. Naanza na seti yangu mwenyewe, za kukodisha zitafuata masika inshallah.

Nipeni ushauri wa klipu zenyewe. Zangu nyingi ulimi umekwama.

#14 Mpemba_wa_Wete

Umekwama kwa chumvi, na pengine ni shaba iliyopakwa rangi ya fedha. Zile zikichubuka zinaota kijani ndani, na springi inakufa. Nunua chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316, ndicho kinachovumilia maji ya bahari kuliko aina ya 304. Bei iko juu lakini zinakaa. Sisi huku bahari yetu ya joto hatuvai glavu nene, kwa hiyo ndogo zinatosha, hizo kubwa waachie wa nchi za baridi.

#15 MwambaWaKaskazini

Sahihi. Na 316 nayo isafishwe, msidanganyike na jina. Kila jioni klipu ziingie kwenye ndoo ya maji baridi, yasiyo na chumvi, pamoja na regyuleta, na ukiwa umezizamisha uvute ulimi mara kadhaa, maji yaingie kule springi ilipo. Kuimwagia maji kwa juu hakufiki. Iliyokwama iloweke usiku mzima kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, asubuhi ipige piga ulimi, isuuze. Ikikubali, vizuri. Ikiwa bado nzito, itupe, kwa sababu itakwama tena ukiwa chini.

Wakati huo huo utazame na jicho lake. Klipu za bei rahisi tundu lake lina ukingo mkali uliobaki kiwandani, na huo ndio unaokata ugwe kutoka ndani, pale ambapo huoni. Pitisha kidole kidogo. Ukihisi makali, piga msasa laini mpaka paishe, ndipo uanze kufunga.